Funza wa Mabua na Mbegu Isiyoliwa

Masika yaliyopita shamba la wakfu la msikiti wetu, ekari mbili na nusu hapa milimani Usambara ambazo mavuno yake ndiyo chakula cha wanafunzi wa madrasa, liliingiwa na funza wa mabua. Tulipulizia dawa, hakufa. Tukapulizia mara ya pili, kisha, kwa fedha iliyokuwa imetengwa kununulia mikeka, tukapulizia mara ya tatu. Majani machanga ya moyoni yalitokeza safu za matundu madogo yaliyolingana, halafu moyo wenyewe ukakauka, na upepo ulipovuma mabua yakakatika katikati. Tulivuna magunia tisa mahali tulipozoea kuvuna zaidi ya ishirini.

Kikao cha kamati kilichofuata hakikuwa kizuri. Ilisemwa kwamba mwenye duka la pembejeo tunakonunua dawa ametuuzia bandia, na kwamba ameila haki ya watoto wanaosoma. Hakuna aliyeleta ushahidi. Ushahidi ulikuwa ni hao funza waliobaki hai. Sisi tulioshika kalamu tuliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, na jina la mtu likabaki katika daftari la kumbukumbu. Kabla ya Ijumaa habari ilikwisha kufika sokoni. Mwenye duka huyo ana watoto watatu katika madrasa yetu. Wote watatu waliacha kuja.

Ni katika kikao hicho hicho mzee wetu mmoja, mkulima wa miaka mingi, alipouliza swali ambalo halikujibiwa. "Wanangu," alisema, "nasikia Afrika Kusini wanapanda mahindi ambayo funza akiyatafuna anakufa mwenyewe. Sasa sisi tunahangaika na mabomba mgongoni ya nini?" Mwenyekiti akamgeukia katibu: "Maalim, wewe ndiye msomaji wetu. Tutafutie jibu."

Jibu tulilolipata ni refu kuliko linavyoweza kuingia katika muhtasari wa kikao. Tumeona tulilete katika ukurasa huu, kwa kuwa familia nyingi zinazosoma gazeti hili zina shamba, au zina jamaa mwenye shamba, na kwa sababu nyingine ambayo msomaji ataiona mbele.

Mahindi aliyoyataja mzee wetu yapo kweli. Asili ya silaha yake ni bakteria anayeishi udongoni. Mwaka 1901 mtaalamu wa Kijapani, Ishiwata, alimkuta katika maradhi yaliyokuwa yakiua viwavi wa hariri. Miaka 10 baadaye Mjerumani Berliner akamkuta tena katika viwavi wa unga, na baadaye akampa jina la jimbo la Thuringia. Bakteria huyu hutengeneza chembe za protini. Kiwavi akizimeza, zinayeyuka katika utumbo wake, ambao hauna uchachu kama tumbo la mwanadamu bali una hali ya magadi. Vimeng'enya vya utumbo huikata protini hiyo, nayo inakwenda kujishikiza mahali maalumu katika ukuta wa utumbo, mithili ya ufunguo unaoingia katika kufuli lake. Hapo hutoboa. Kiwavi huacha kula, na baada ya siku chache hufa.

Kwa miaka mingi wakulima waliwapulizia viwavi bakteria huyu kama dawa. Kisha wataalamu wakachukua jeni inayotengeneza protini ile na kuiingiza ndani ya mmea wenyewe, ili kila jani na kila bua liwe na dawa yake tangu kuchipua mpaka kuvunwa. Pamba na mahindi ya namna hiyo yalianza kuuzwa Marekani mwaka 1996. Mabishano juu ya mbegu hizi ni mengi, nasi hatutayaingia yote leo. Tunashughulika na swali moja tu la mzee wetu: je, ndiyo mwisho wa funza?

Afrika Kusini walianza kupanda mahindi hayo mwaka 1998. Mdudu waliyemkusudia ni huyu huyu wa kwetu, anayeitwa na wataalamu Busseola fusca, nondo wa rangi ya kahawia anayetaga mayai nyuma ya ala ya jani, na funza wake wakashuka moyoni kisha wakatoboa bua. Mwanzoni mambo yalikuwa kama mzee alivyosikia. Mabua yalisimama. Mabomba yakapumzika. Halafu, katika msimu wa 2006, karibu na mji wa Christiana, wakulima waliona mabua yametobolewa katika mashamba ya mbegu ile ile iliyosemwa hailiki. Mtafiti van Rensburg aliwachukua funza hao, akawalisha mahindi yenye protini ile, akawaona wanaishi na kukua. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2007. Baadaye ikaonekana hali hiyo hiyo katika mashamba ya umwagiliaji ya Vaalharts, na sehemu nyingine zikafuata. Miaka 8 ilitosha.

Hapa pana kosa ambalo sisi wenyewe tulikuwa nalo, na tunadhani wengi wanalo. Tulidhani funza "amezoea" dawa, kama mtu anavyozoea pilipili: anakula kidogo leo, kesho zaidi, hata mwili unakubali. Sivyo. Funza aliyekula protini ile akafa, amekufa. Wengi wa funza ni wa namna hiyo. Lakini katika maelfu yao wamo wachache mno ambao kufuli la utumbo wao lina kasoro, na ufunguo hauingii. Hawa walikuwapo kabla mbegu haijaletwa. Hakuna aliyewaona kwa sababu kasoro hiyo haikuwafaa kitu. Mbegu ilipokuja ikawaua wenzao wote, na wao wakabaki wenye shamba. Walioana wao kwa wao, na watoto wao wakarithi kufuli bovu.

Tulilifanya jambo hili madrasani kwa bakuli la maharage. Tulitia maharage mekundu 99 na jeupe moja, tukawaambia watoto watoe mekundu yote isipokuwa matatu, kisha kila harage lililobaki lizae mengine 24 ya rangi yake. Bakuli likajaa tena, na robo yake ikawa nyeupe. Mara ya pili, baada ya kutoa tena mekundu na kubakiza matatu, bakuli lilikuwa jeupe karibu lote. Mtoto mmoja wa miaka 9 akauliza kwa nini tusilitoe tangu mwanzo lile moja jeupe, tukamaliza kazi. Ni swali zuri. Shida ni kwamba shambani haliwi jeupe. Nondo wote wanafanana.

(Wapo watakaotuuliza kama haya ndiyo yale mafundisho ya asili ya viumbe yanayobishaniwa. Sisi tunaeleza jambo lililoonekana kwa macho ndani ya misimu minane katika shamba la mahindi, na mkulima aliyepoteza mazao yake hana nafasi ya kulikana.)

Wataalamu hawakuwa wajinga wa jambo hili. Walikuwa na onyo tayari: huko Hawaii, kabla ya mwaka 1990, nondo wa kabichi alikwisha kuonyesha usugu dhidi ya bakteria yule anapopuliziwa kama dawa. Kwa hiyo mbegu mpya ilipotolewa ilikuja na sharti, na sharti hilo ndilo lililotufanya tuache kulala mapema kwa juma zima tukilifikiria. Mkulima aliamriwa kupanda sehemu ya shamba lake kwa mahindi ya kawaida, yasiyo na silaha yoyote, ili funza wale. Afrika Kusini alipewa hiari: asilimia 20 ya shamba kama sehemu hiyo atapenda kuipulizia dawa nyingine, au asilimia 5 kama hataipulizia kabisa. Sehemu hiyo tutaiita kimbilio.

Mantiki yake ni hii. Kila kiumbe hupokea nakala mbili za jeni, moja ya baba na moja ya mama. Nondo sugu mmoja akitoka katika mahindi yenye silaha na akakuta pembeni nondo mia waliokulia katika kimbilio, ambao wote ni wanyonge kwa ile protini, karibu hakika ataoana na mnyonge. Watoto wao watakuwa na nakala moja ya usugu na moja ya unyonge. Ikiwa protini ndani ya mmea ni nyingi ya kutosha, watoto hao nao watakufa, na usugu utazimwa kila unapowaka. Kwa hiyo wale funza wanaonenepa katika kimbilio, wanaomtia hasira mkulima kila apitapo, ndio wanaomlindia mbegu yake.

Sasa mfikirie mkulima. Amenunua mbegu ya bei kubwa ili asiliwe, kisha anaambiwa atenge mistari ya kuliwa. Hasara ya kimbilio ni yake peke yake, na anaiona kwa macho msimu huu. Faida yake inagawanywa kwa kijiji kizima, haionekani, na huja baada ya miaka. Jirani yake akipanda mbegu ya silaha mpaka ukingo wa shamba, nondo wa kimbilio la huyu wa kwanza wataruka na kumlindia yule jirani bure. Unyonge wa mdudu ni mali ya watu wote kama kisima; na kisima kisicho na zamu tunajua kinavyokuwa wakati wa kiangazi. Huko Vaalharts, miaka ya mwanzo, wakulima walioweka kimbilio walikuwa wachache. Walipokuja kulitii sharti kwa wingi, nondo sugu alikwisha kukaa.

Hata hivyo tusiwatwishe wakulima lawama yote. Mbegu ile ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya mdudu mwingine, mtoboa mabua wa Ulaya na Marekani. Kwa Busseola fusca wa Afrika dozi yake haikuwa kali kiasi kilichohitajika. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa kwake yeye nakala moja tu ya usugu inatosha kumwokoa. Wale watoto waliotarajiwa kufa hawakufa. Maana yake ni kwamba kimbilio, hata kama lingetiiwa na kila mtu, lingechelewesha jambo tu. Silaha iliyopimwa kwa adui mmoja ilipelekwa kwa adui mwingine, na mkulima akaachiwa hesabu. Baadaye ikaletwa mbegu yenye protini mbili badala ya moja, ili anayeponyoka ufunguo wa kwanza anaswe na wa pili.

Mtu anaweza kudhani haya ni ya mahindi na ya Afrika Kusini tu. Pamba inatoa ushahidi ulio wazi zaidi, kwa sababu mdudu mmoja, funza mwekundu wa pamba, alikabiliwa na silaha zile zile katika nchi tatu na akatoa majibu matatu.

Uhindi iliruhusu pamba hiyo mwaka 2002. Kila pakiti ya gramu 450 za mbegu ya silaha iliwekewa pakiti ndogo ya gramu 120 za mbegu ya kawaida kwa ajili ya kimbilio. Wakulima wengi waliitupa ile pakiti ndogo; wana ekari moja au mbili, na deni la mbegu dukani, nani angepanda chakula cha funza? Funza mwekundu naye hana chakula kingine cha maana ila pamba, kwa hiyo hakuwa na kimbilio lolote la porini. Mwaka 2010 kampuni yenyewe iliyotengeneza mbegu ilitangaza kwamba katika wilaya nne za Gujarat mdudu amekuwa sugu. Mbegu yenye protini mbili ilikwisha kuruhusiwa tangu 2006. Nayo katikati ya muongo uliofuata ikashindwa mbele ya funza huyo huyo.

Uchina hawakuweka sharti la kimbilio la kupandwa, na katika bonde la mto Yangtze usugu ulianza kupanda. Kisha ukashuka. Kilichotokea hakikupangwa na mtu: wakulima, kwa kutafuta mbegu ya bei nafuu, walipanda mbegu ya kizazi cha pili kutoka chotara wa pamba ya silaha na pamba ya kawaida. Katika kizazi hicho mche mmoja kati ya minne hauna protini. Kimbilio likawa limechanganyika ndani ya shamba lenyewe bila mwenye shamba kulipenda wala kulichukia. Watafiti walipopima kuanzia 2010 hadi 2015 waliona nondo sugu wamepungua. Tumekisoma kisa hiki mara mbili, na kila mara kimetuchekesha.

Arizona, Marekani, ndiko walikotii. Kuanzia 1996 vimbilio vilipandwa, na kwa miaka 10 funza mwekundu alibaki mnyonge. Tangu 2006 wakaongeza jambo jingine: ndege zilimwaga nondo waliokwisha kutiwa utasa kwa mnururisho, wakaoana na wale wachache wa shambani, na hakuna uzao uliopatikana. Njia hii si ngeni kwetu. Mbung'o wa Unguja alimalizwa miaka ya 1990 kwa madume tasa waliofugwa hapa hapa mkoani Tanga na kumwagwa kwa ndege. Mwaka 2018 Marekani ilitangaza kwamba funza mwekundu ametoweka katika mashamba yake yote ya pamba.

Mbegu ya aina moja, mdudu mmoja. Pamoja na utii na msaada wa silaha nyingine amekwisha, na peke yake bila kimbilio ameshinda. Hilo ndilo tulilomjibu mzee wetu. Mbegu hizo hapa Tanzania hazijaruhusiwa kwa wakulima. Majaribio ya mahindi yaliyoanza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016 Serikali iliyasitisha. Jirani zetu Kenya waliruhusu pamba yenye silaha hiyo mwishoni mwa 2019. Siku ikija ya kuulizwa kama tunaitaka, swali letu la kwanza liwe: nani atapanda kimbilio, na nani atamfidia? Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi funza naye ana subira kuliko sisi." Kisha akauliza habari za duka.

Naam, duka. Tulipokuwa tukisoma habari za Christiana tulihisi aibu inapanda. Misimu minne mfululizo tulipulizia shamba la wakfu dawa tuliyodhani tunaibadilisha. Tulizitafuta chupa tupu katika stoo ya msikiti, tukazikuta za majina matatu na rangi tatu. Tukasoma maandishi madogo ya nyuma. Kiambata kilikuwa kimoja katika zote. Tulikuwa tumebadilisha chupa, dawa ni ile ile, na tulikuwa tukimchuja funza vile vile kama watoto walivyochuja maharage.

Bwana shamba wa kata, tulipompelekea chupa hizo, alituuliza jambo jingine: tulipulizia lini? Tulipomwambia ni baada ya kuona mabua yanakatika, alitikisa kichwa. Funza wa mabua hupatikana kwa dawa angali mdogo, akiwa moyoni mwa mhindi, siku chache baada ya mayai kuanguliwa. Akishaingia ndani ya bua, amejifungia mlango. Dawa inapita nje. Mara ya pili na ya tatu tulikuwa tunaogesha ukuta wa nyumba. Alitueleza pia kwamba funza hulala ndani ya mabua makavu na visiki kutoka msimu hadi msimu, nasi tuna desturi ya kuyarundika mabua kivulini ukingoni mwa shamba. Tulikuwa tunamfuga.

Ametushauri kuyatandaza mabua juani kwa majuma kadhaa au kuyalisha ng'ombe, kupanda mapema pamoja na majirani, na kujaribu kilimo cha kusukuma na kuvuta kilichobuniwa na watafiti wa icipe huko Mbita, Kenya: desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, harufu yake inamfukuza nondo, na matete kuzunguka shamba, yanayomvutia akatage huko, ambako funza wake wengi hawafiki ukubwani. Ng'ombe wanakula vyote viwili. Robo ekari ya shamba la wakfu imekwisha kutengwa kwa jaribio hilo, na matete tumeyachimbia Jumamosi iliyopita.

Kwa hiyo palikuwa na sababu tatu za funza wale kuishi, na zote tatu zilikuwa upande wetu wa kaunta. Baada ya sala ya alasiri tulikwenda dukani, sisi na mwenyekiti. Mwenye duka alitupa viti. Hakupandisha sauti. Alisikiliza habari za chupa tatu, akasema hilo alikwisha kumwambia mtunza shamba wetu mwaka juzi, na kwamba mtunza shamba alitaka ya bei ndogo. Kisha akasema: "Maalim, mimi siwadai radhi ya dukani. Nifutieni kule mlikoandika."

Katika kikao kilichofuata tuhuma ilifutwa, na maneno ya kuifuta yakaandikwa na mkono ule ule ulioiandika. Wajumbe wawili walipendekeza jambo liishie daftarini. Sisi tulisema lilitoka hadharani, lirudi kwa njia hiyo hiyo, na Ijumaa iliyopita, baada ya sala, tangazo lilisomwa mbele ya jamaa wote pamoja na sababu zake: chupa, wakati wa kupulizia, na mabua ya kivulini.

Wawili wa watoto wake wamerudi madrasani. Wa tatu, yule mkubwa, bado.